Mgeni Wangu wa Miaka 11



Mgeni aliye mtu mzima si taabu kumkirimu. Utamtandikia, utampikia, utamwekea maji ya kuoga, kisha mtakaa barazani mkaulizana habari za watu. Mtoto mdogo naye si taabu: mpe mwiko na sufuria, atapiga ngoma mpaka usingizi umchukue. Taabu ni yule aliye baina ya hawa wawili, mvulana wa miaka 10, 11 au 12, ambaye hajabaleghe lakini hapendi kuitwa mtoto. Ukimletea vitu vya kuchezea hukutazama kwa huruma, na ukimketisha na wazee hupiga miayo. Huyo akija kwako kwa wiki tatu utamfanya nini? Akina mama wa mtaani kwetu hapa Mombasa huulizana swali hili kila likizo ya Agosti inapokaribia. Na kwa kuwa mwaka 2024 lilinigongea mlango mimi mwenyewe, nimeona bora niyaandike niliyoyaona, huenda yakamfaa mwenzangu.

Mgeni wangu alikuwa mtoto wa ndugu yangu. Anakaa Nairobi na mama yake, katika nyumba ya ghorofa, orofa ya tano. Ndugu yangu alifariki mwezi wa Machi mwaka huo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwisho wa Julai wifi yangu alinipigia simu, akaniambia: "Wifi, mtoto hacheki. Hasumbui, hagombani na mtu, shule anakwenda. Lakini hacheki. Mchukue akae na nyinyi kidogo." Basi utaona kwamba kuja kwake hakukuwa kutembea tu. Nilimpokea stesheni ya Miritini, akateremka kwenye treni na begi moja mgongoni na simu mkononi, akaniamkia vizuri, na kutoka hapo mpaka nyumbani hakusema maneno kumi.

Siku tatu za mwanzo nyumba haikuwa tupu. Watu walikuja kumwona mtoto wa marehemu, na kila aliyeingia alimpapasa kichwa akasema, "Maskini!" Naijua fadhila ya kupapasa kichwa cha yatima, wala sithubutu kumzuilia mtu thawabu zake, lakini mvulana wa miaka 11 akipapaswa mara tisa kwa siku moja huanza kujiona kama paka wa nyumba. Yeye aliamkia kila mmoja kwa adabu, kisha akarudi pembeni na simu yake. Mume wangu alitaka kumnyang'anya ile simu. Nilimwomba asubiri. Ukimtoa mtoto kitu mkononi, sharti uwe umekwisha jua utamtia nini mahali pake, ama sivyo umemwacha mikono mitupu, na mikono mitupu ndiyo iliyomleta kwetu.

Tulianza na Ngomeni, kama afanyavyo kila mwenyeji wa Mombasa akipata mgeni. Wareno waliijenga ngome ile kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira tangu Machi 1696 mpaka Disemba 1698, na mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza gereza. Hayo mimi niliyasoma kwa sauti ubaoni; yeye akatikisa kichwa kwa heshima. Kilichomwamsha ni vyombo vilivyotolewa baharini, vya merikebu Santo António de Tanná. Ilikuja kuwaauni Wareno waliozingirwa ndani, ikazama mwaka 1697 hapo hapo mbele ya ngome, na wazamiaji wakaenda kuichimbua katika miaka ya 1970. Aliuliza, "Hapo hapo wapi?" akaenda kusimama ukutani akayatazama maji kwa muda mrefu sana. Nililiweka jambo lile moyoni. Mtoto hakuvutiwa na jumba, alivutiwa na maji.

Siku nyingine tulikwenda Bamburi, Haller Park. Zamani palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, jangwa tupu, na tangu mwaka 1971 pakaanza kupandwa miti mpaka pakawa msitu. Watoto wa Kenya wote wameisikia hadithi ya pale: Owen, kiboko mchanga aliyebaki peke yake ufukweni upande wa Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akaletwa huku, akamfuata kobe mkongwe aitwaye Mzee. Mwanzo kobe alikuwa akijiondokea, na kiboko akimwandama nyuma. Baadaye wakawa wanalala pamoja na kula pamoja. Njiani kurudi, ndani ya matatu, mgeni wangu akaniuliza:

"Shangazi, kwani yule kobe alimfanyia nini?"

Nikamjibu kwamba kwa kadiri nijuavyo hakumfanyia kitu, alimwacha amfuate.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza.

Jioni moja tulivuka feri ya Likoni mara tatu kwenda na kurudi, maana anayekwenda kwa miguu halipi. Jioni nyingine tukakaa chini ya mibuyu ya Mama Ngina tukila kachiri za muhogo zenye ndimu na pilipili, tukitazama meli zinaingia Kilindini karibu hata unaweza kusoma majina yake. Yote mazuri. Lakini mgeni wa wiki tatu ana siku 21, na matembezi ya namna hii, ukitoa feri, yana nauli na viingilio. Tena yana upungufu mmoja ambao fedha haiutibu. Mahali pote hapo mtoto ni mtazamaji. Anapelekwa, anaonyeshwa, anarudishwa. Na huyu wa kwetu alikuwa amekwisha kuwa mtazamaji tangu mwezi wa Machi, watu wazima wakiingia na kutoka, wakinong'ona, wakimwambia akakae kule.

Kwa hivyo siku ya tano, baada ya sala ya alfajiri, nilimpa fedha na kikapu nikamwambia aende akatununulie mahamri na mbaazi. Nyumba tano, kona mbili, kisha ulize. Binti yangu akasema atapotea, maana vichochoro vya Mji wa Kale huwapoteza hata watu wa Kisauni. Nikasema akipotea atauliza, ana kinywa. Alichelewa nusu saa nzima, na moyo wangu ulikuwa ukienda mbio, sikufichi. Akarudi na mahamri ya moto, si ya mama niliyemtuma, ya mwingine kabisa, upande wa pili wa mtaa, na chenji kamili. Na uso wake ulikuwa na kitu. "Huyu wako," akaniambia, "yalikuwa yamekwisha. Nikatafuta." Tangu siku hiyo kazi ya mahamri ikawa yake, na asubuhi mtu mwingine alipotaka kwenda alikasirika.

Hapa nilimkumbuka Anas bin Malik, aliyeingia katika utumishi wa Mtume (S.A.W.) akiwa na miaka 10. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku moja alitumwa, akawapita watoto wakicheza sokoni, akasimama nao. Mara akashikwa shingoni kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume, naye anacheka, anamwuliza kama amekwenda alikotumwa. Sisi tunaisoma habari hii kwa ajili ya upole wa Mtume, na ni haki yake. Lakini itazame pia kwa upande wa mtoto: ana kazi aliyoaminiwa, na ana wenzake wa kucheza nao njiani, vyote viwili katika asubuhi moja. Sidhani mvulana wa umri ule huhitaji zaidi ya hapo.

Wenzake aliwapata mwenyewe. Watoto wa mtaa walikuwa wakirusha tiara, kwani Agosti ni mwezi wa kusi na upepo haukosekani. Walimfundisha kuchagua chelewa zilizo sawa kwa unene, kubandika karatasi kwa gundi ya unga wa ngano, na kufunga mkia wa kitambaa ili tiara isizunguke. Tatu za mwanzo zilianguka. Mimi sikuingilia. Kuna wazee ambao wakiona mtoto amekwama huruka na kumfanyia, kisha wakashangaa kwamba ameacha.

Wazee wa baraza la bao walikuwa na elimu hiyo kuliko sisi. Bao letu, kama ujuavyo, lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, azitie moja moja mpaka ziishe ndipo mchezo uingie hatua ya pili. Mgeni wangu, ambaye simuni mwake alikuwa na michezo ya vita na mbio za magari, alilitazama akalidhania jambo la wakongwe. Wakamkaribisha. Wakamshinda mara saba mfululizo bila kumhurumia, wakicheka, wakimwambia, "Hesabu kwanza, mkono baadaye." Hakuna hata mmoja aliyejifanya kushindwa kwa sababu mtoto ni yatima. Nawashukuru mpaka leo. Kumwachia mtoto ushindi wa uongo ni kumwambia kwamba hatutarajii lolote kwake. Siku ya 10 ya ukaaji wake alimshinda mjukuu wa mmoja wa wazee wale, kijana amzidiye umri, na usiku hatukulala mapema, kwa maana ilitupasa kusimuliwa kila kete.

Ama bahari, nimeiweka nyuma kwa kuwa ndiyo iliyonipa kazi kubwa ya kufikiri. Chini ya mtaa wetu kuna ngazi za mawe zinazoteremka majini, na mzee mmoja jirani, mvuvi aliyeacha kwenda mbali kwa ajili ya magoti, hukaa pale kila siku na mshipi wake. Mtoto alikuwa akimtazama kwa mbali. Mzee akaniambia, "Mwanangu, niachie huyu." Neno jepesi kulisema. Lakini mtoto ni wa watu, mwana wa pekee wa mjane, hajui kuogelea, na bahari haina jamaa. Nilimpigia simu mama yake nikamweleza vile vilivyo, bila kupunguza. Alikaa kimya, kisha akasema: "Baba yake alikuwa akitaka amfundishe. Kila likizo akisema, likizo ijayo. Mpeleke, wifi, lakini ukae hapo."

Nikakaa hapo. Siku nne nilikaa juu ya ngazi na buibui langu na tasbihi yangu, nikiyatazama maji kama askari. Mzee hakumpa mshipi siku ya kwanza. Alimpeleka wakati maji yamepwa, mahali yanapofika kifuani, akamfundisha kulala chali juu ya maji na kupumua. "Anayejua kuelea ana wakati wa kufikiri," ndivyo alivyokuwa akisema. Alimpa na masharti: asishuke ngazi ya mwisho peke yake, asiingie majini yakiwa yanatoka kwa kasi, na asimguse samaki asiyemjua. La mwisho lilikuwa na faida yake, kwani samaki wa kwanza kumnasa alikuwa ngogo, mwenye ndevu kama paka na miiba ya sumu, naye angemshika kwa furaha kama hakuonywa.

Kufunga ndoana, kupima chubwi, kukata ngisi wa chambo vipande visivyo vikubwa, yote hayo aliyajua kwa wiki moja. Lakini kilichomteka zaidi ni hesabu ya maji. Mzee hana saa wala kitabu. Ukimwuliza maji yatajaa lini kesho kutwa, hutazama mwezi una siku ngapi, akakujibu. Alimweleza kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na siku hizo hapa kwetu hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Na mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Na kwamba kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Kijana wa Nairobi hakuamini. Akachukua daftari, akapiga mistari: safu moja ya mzee, safu moja ya simu. Ile ile simu tuliyotaka kumnyang'anya! Kila jioni alilinganisha, na wakawekeana sharti: mzee akikosea kwa zaidi ya robo saa atalipa kashata. Mwezi ulipopevuka tarehe 19 Agosti maji yalipanda ngazi ambazo hakuwahi kuziona zikilowa, naye akakimbia mpaka nyumbani kuniita nikaone, kana kwamba mimi sikuzaliwa hapa.

Sasa nikuambie lililotokea jioni mojawapo, nikiwa nimekaa juu yao hatua chache na wao hawanikumbuki. Mtoto alikuwa akifungua mshipi uliotatizana. Bila ya kuinua kichwa akauliza:

"Babu, baba yangu alikuwa anajua kuvua?"

Mzee akasema: "Babako? Babako alikuwa akivua papo hapo ulipokaa. Kuvua alijua. Lakini alikuwa mwongo wa samaki, babako! Akipata changu wa kiganja, akifika nyumbani amekuwa wa mkono mzima. Siku moja alimwambia bibi yako kwamba samaki mkubwa amemvuta mpaka akaanguka majini, ndiyo sababu kanzu imelowa. Kumbe alikuwa akiogelea wakati wa chuo."

Kwanza kulikuwa kimya. Kisha mtoto akacheka. Si kicheko cha adabu. Alicheka mpaka mshipi ukamtoka mikononi, na akicheka akasema, "Alinidanganya na mimi! Aliniambia alishika papa!" Na mzee naye anacheka, na mimi huku juu buibui limenifunika uso. Baada ya hapo aliuliza mengi: alianguka wapi, alipigwa na mwalimu au hakupigwa, aliogopa nini. Akalia kidogo vile vile. Mzee hakumpapasa kichwa. Alimwambia chambo kimekwisha, akate kingine.

Miezi mitano watu wote tulikuwa tukimwambia habari za baba aliyekufa. Mzee huyu ndiye wa kwanza kumpa habari za baba aliyekuwa mtoto wa miaka 11.

Pengine utasema, msomaji, "Mimi sikai pwani, sina ngazi wala bao wala mzee." Unaye fundi baiskeli penye njia panda. Unaye jirani mwenye ng'ombe wa kukamwa alfajiri. Uko msikiti unaohitaji mikeka ikung'utwe siku ya Alhamisi. Mtafute mtu mwenye ujuzi na saburi, mjue vizuri tabia yake na watu wake kabla ya kumkabidhi mwana wa mwenzio, keti karibu siku za mwanzo, na mwulize mzazi kabla hujafanya lolote lenye hatari. Matembezi ya kulipia yaweke mawili au matatu, yagawe katikati ya siku, na usiyajaze yote wiki ya kwanza, la sivyo wiki ya pili utakuwa umekwisha ishiwa. Umwachie na saa za kukaa bure. Mtoto aliyejazwa shughuli kutwa hafiki pale anapochukua daftari kwa hiari yake.

Aliondoka siku ya Jumamosi, tarehe 24 Agosti. Wifi alinipigia simu usiku ule ule: "Wifi, mtoto kaja na nini ndani ya begi? Nyumba nzima inanuka." Ilikuwa ngisi mkavu, ameufunga katika soksi. Kabla hajaondoka alikuwa amemkalisha mzee chini akamtajia saa za maji za mwezi wa Disemba, kwa kufuata mwezi, akaziandika na kunibandikia nakala jikoni ili pasiwe na mtu wa kubadilisha.

Disemba alirudi, safari hii na mama yake. Tarehe 16 mwezi ulikuwa umepevuka jana yake, na sote tulishuka ngazini alasiri, wifi na viatu mkononi, mtoto na ile karatasi na saa ya simu, wazee wa bao wakiwa mashahidi. Mzee alikuwa amekosea kwa dakika 20. Alidai kwamba simu ndiyo iliyokosea, wakabishana mpaka adhana ya Magharibi, kisha akalipa kashata mbili.